Tarakimu Tano Kwenye Picha ya Waziri

Ijumaa ya tarehe 20 Novemba 2020, mawaziri wa ulinzi wa nchi za Umoja wa Ulaya walikuwa kwenye kikao cha video. Korona ilikuwa imepamba moto tena, kwa hiyo kila waziri alikaa mbele ya skrini yake badala ya kupanda ndege kwenda Brussels. Mwenyekiti alikuwa Josep Borrell, Mhispania aliyesimamia sera za nje za Umoja huo wakati ule. Kikao kikiendelea, kikajitokeza kisanduku kimoja cha ziada kwenye skrini. Ndani yake alikuwamo mwanamume asiyejulikana, anatabasamu na kupunga mkono.

Borrell akamuuliza kama anajua kwamba ameingia kwenye mkutano wa siri. Mgeni akakubali kwamba anajua, akaomba radhi, akasema yeye ni mwandishi wa habari kutoka Uholanzi na kwamba anatoka sasa hivi. Borrell akamwambia alichofanya ni kosa la jinai na ni heri aondoke upesi kabla polisi hawajafika. Kicheko kikasikika. Mgeni akatoka.

Jina lake ni Daniël Verlaan, wa RTL Nieuws. Hakudukua mtambo wowote. Alichokuwa nacho ni picha. Akaunti ya Twitter ya waziri wa ulinzi wa Uholanzi, Ank Bijleveld, ilikuwa imeweka picha za waziri akiwa kwenye kikao, na katika mojawapo ilionekana anuani ya kuingilia pamoja na tarakimu tano kati ya sita za namba ya siri. Verlaan akajaribu mara chache, mlango ukafunguka.

Tupige hesabu hapa, maana watu wengi hudhani tarakimu moja iliyofichika bado ni kinga. Namba ya siri yenye tarakimu sita ina uwezekano wa 1,000,000. Kila tarakimu inayovuja hugawanya idadi hiyo kwa kumi: ikivuja moja unabaki na 100,000, zikivuja mbili 10,000, na zikivuja tano unabaki na kumi tu, kuanzia sifuri hadi tisa. Hata kama hujui iliyofichika iko nafasi ya ngapi, majaribio hayavuki 60. Hiyo ni kazi ya dakika chache kwa mtu mwenye subira na kikombe cha chai.

Lawama ilielekezwa kwenye picha. Wizara ya Bijleveld ilieleza kwamba ni mfanyakazi aliyeiweka kwa makosa. Waziri mkuu wa Uholanzi, Mark Rutte, alisema tukio limewaonyesha mawaziri jinsi wanavyopaswa kuwa waangalifu na Twitter. Wanaoendesha mafunzo ya usalama maofisini nao hukisimulia kisa hiki hivyo hivyo: angalia unachopiga picha, angalia unachoposti.

Mimi sikubaliani nao. Picha ilikuwa kosa, ndiyo. Lakini ofisi gani haipigi picha? Tangu mikutano ya video iingie kazini, kila shirika linaweka picha ya skrini yenye nyuso kumi na mbili na maneno ya kuwashukuru washiriki. Boris Johnson, akiwa waziri mkuu wa Uingereza, aliweka picha ya namna hiyo tarehe 31 Machi 2020, siku aliyoendesha baraza la mawaziri kwa Zoom, na namba ya utambulisho wa mkutano ilisomeka pale juu. Huwezi kujenga usalama wa kikao juu ya dua kwamba kati ya watu thelathini, na wasaidizi wao, na watoto wao waliopo sebuleni, hakuna hata mmoja atakayeteleza. Atateleza tu. Swali la kuiuliza ofisi ni hili: namba ikishavuja, kuna nini kingine kati ya mgeni na meza yenu?

Siku ile, tukihukumu kwa kilichotokea, hakikuwapo kitu. Kulikuwa na anuani, kulikuwa na namba, basi. Majaribio ya namba isiyo sahihi hayakumzuia Verlaan. Hakukuwa na mtu aliyemsimamisha mlangoni akamuuliza anawakilisha nchi gani. Aliingia moja kwa moja hadi kwenye meza ya mawaziri, na aligundulika kwa sababu yeye mwenyewe alitaka kuonekana. Hili ndilo linaloninyima amani kila ninapokifikiria kisa hiki. Mwandishi aliwasha kamera akapunga mkono. Aliyekuja kwa nia nyingine angeizima kamera, angezima maiki, angejiandika jina linalofanana na la ujumbe wa nchi fulani, kisha angekaa kimya na kalamu yake.

Na kusikilizwa kimya kimya kumewahi kutokea kweli. Tarehe 19 Februari 2024 maofisa wakubwa wa jeshi la anga la Ujerumani walizungumza kwa Webex, programu ya mikutano ya video, kuhusu makombora ya Taurus na vita vya Ukraine. Mmoja wao alijiunga kutoka Singapore, alikokwenda kwenye maonyesho ya ndege, akitumia mawasiliano yasiyo salama. Tarehe 1 Machi rekodi ya mazungumzo yao, dakika zipatazo 38, ilitolewa hadharani na Margarita Simonyan, mkuu wa chombo cha habari cha serikali ya Urusi. Waziri wa ulinzi Boris Pistorius alieleza baadaye kwamba mfumo wenyewe haukuvunjwa, kilichotokea ni kosa la mtumiaji mmoja. Hakuna kisanduku cha ziada kilichotokea kwenye skrini ya maofisa wale. Hakuna aliyepunga mkono.

Kinachouma zaidi kuhusu kisa cha Brussels ni tarehe yake. Novemba 2020 dunia haikuwa tena na kisingizio cha ugeni. Eric Yuan, mkuu wa Zoom, alikwisha andika kwamba washiriki wa siku moja walipanda kutoka takriban milioni 10 mwishoni mwa 2019 hadi zaidi ya milioni 200 mwezi Machi 2020, na wavamizi walipanda pamoja nao. Tarehe 30 Machi ofisi ya Boston ya FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilitoa onyo baada ya watu kuvamia vipindi vya shule mtandaoni. Tarehe 5 Aprili Zoom iliwasha nywila na chumba cha kusubiria, yaani mahali anaposhikiliwa anayetaka kuingia mpaka mwenyeji amruhusu, kwa chaguo-msingi (bila mtumiaji kuviwasha mwenyewe) kwa akaunti za bure. Siku hizo hizo mtaalamu wa Uingereza, Tom Anthony, baada ya kuiona picha ile ya Johnson, aligundua kwamba nywila ya Zoom yenye tarakimu sita ingeweza kukisiwa kwa kompyuta, kwa kuwa tovuti ya kujiunga haikuweka kikomo cha majaribio. Zoom ikaziba. Yote haya yalitokea zaidi ya miezi saba kabla ya Verlaan kupunga mkono.

Sasa nije kwetu, maana Brussels ni mbali na sisi hatuna makombora ya kuyajadili. Tuna mishahara, mikopo, zabuni, barua za onyo, majibu ya wagonjwa, majina ya watoto walio chini ya ulinzi wa ustawi wa jamii. Kazi yangu ni kuzisaidia ofisi ndogo kupanga mawasiliano yao, na kila ninapoanza na ofisi mpya ninaomba nionyeshwe jambo moja: linki ya kikao cha mwisho ilitumwaje. Karibu mara zote jibu ni kundi la WhatsApp. Katika chama kimoja cha akiba na mikopo, wajumbe wa bodi walikuwa tisa. Kundi lilikolala linki ya vikao vya bodi lilikuwa na watu zaidi ya arobaini, akiwamo mhasibu aliyeachishwa kazi mwaka uliotangulia. Hakuna aliyekumbuka kumtoa. Na linki ilikuwa ile ile kila Jumatatu, kwa sababu katibu alitumia namba ya kudumu ya akaunti, ile ambayo haibadiliki.

Watu hawa walikuwa na nywila, na walijivunia nayo. Sikufurahi kuwavunja moyo. Linki ya Zoom inayonakiliwa kutoka kwenye mwaliko kwa kawaida imeshabeba nywila ndani yake, katika ule msururu wa herufi unaofuata baada ya alama ya kuuliza. Anayeibofya haombwi chochote. Kwa hiyo anayeisambaza linki anasambaza mlango na ufunguo kwa pamoja. Tarakimu zile za waziri zilihitaji mtu wa kukisia moja iliyobaki. Linki zetu hazihitaji hata hilo.

Tulianza na mambo mepesi na hayakuchukua nusu saa. Kila kikao cha bodi kitengenezewe namba yake mpya, ya kudumu iachwe. Linki itumwe kwa mjumbe mmoja mmoja, kwa barua pepe au ujumbe binafsi, asubuhi ya siku ya kikao. Kushirikisha skrini kubaki kwa mwenyeji wa mkutano, na anayetaka kuonyesha jedwali lake apewe ruhusa kwa muda wake. Washiriki wasiweze kubadili majina wakishaingia. Programu isasishwe kwenye kila simu, na akaunti inayoitisha vikao iwekewe uthibitisho wa hatua mbili, kwa maana mwenye akaunti hiyo ndiye mwenye nyumba. Kwa Google Meet na Microsoft Teams majina ya vitufe ni tofauti ila kazi ni hiyo hiyo: tafuta palipoandikwa nani anaruhusiwa kuingia bila kuomba, kisha punguza.

Lililotuchukua wiki tatu ni chumba cha kusubiria.

Kukiwasha ni kubofya mara moja. Ugumu ni kwamba chumba cha kusubiria bila mtu wa kusimama mlangoni ni pambo. Mwenyekiti anafungua kikao, anasoma ajenda, anatuliza mabishano kuhusu muhtasari uliopita, na wakati huo huo kengele inalia: mtu anasubiri. Anabofya "Ruhusu" bila kutazama. Ikilia mara ya tano anabofya "Ruhusu wote." Nimeshuhudia hili katika ofisi zenye watu makini sana, na siwalaumu, kwa kuwa kazi ya kuongoza kikao na kazi ya kulinda mlango hazibebwi na kichwa kimoja. Hakuna kiwanda kinachomtuma meneja mkuu akakae getini na daftari la wageni. Kikao cha video nacho kinahitaji mlinzi wake: mtu mmoja aliyetajwa kwa jina, aliyefanywa msimamizi mwenza, mwenye orodha ya wajumbe mkononi, na ambaye katika robo saa ya kwanza hana kazi nyingine yoyote.

Chama kilimpa kazi hiyo katibu muhtasi, dada mwenye umri mdogo kuliko wajumbe wote. Kikao cha kwanza, chumbani mwa kusubiria wakajitokeza "Galaxy A12," "Mama Neema," "iPhone," na "user." Ndivyo tunavyoingia vikaoni huku kwetu: kwa jina la simu, au jina la mtoto wa kwanza, au jina aliloliacha mpwa wake aliyeazima simu kwa ajili ya somo la mtandaoni. Dada yule aliwaingiza wote. Nilipomuuliza kwa nini, akanijibu kwa sauti ya chini kwamba alihisi "iPhone" ni mwenyekiti, na hakuwa tayari kumweka mwenyekiti nje.

Hapo nikaelewa kwamba tatizo letu haliko kwenye mipangilio ya Zoom. Sisi tumelelewa kwamba mkubwa hasimamishwi mlangoni. Mlinzi anayemuuliza mheshimiwa kitambulisho anaweza kuonekana hana adabu, na wapo waliopoteza kazi kwa hilo. Mvamizi hahitaji kulijua hili ili anufaike nalo. Anachohitaji ni kujiandika "Mkurugenzi" na kusubiri. Jina kwenye chumba cha kusubiria ni maandishi tu, huandikwa na yeyote apendavyo, na kadiri cheo kinavyokuwa kikubwa ndivyo mlinzi anavyoharakisha kufungua. Heshima, ambayo ni kitu chema, inageuzwa kuwa ufunguo.

Dawa yake haikutoka kwangu, ilitoka kwa mwenyekiti mwenyewe, mzee mstaafu wa benki. Kikao cha pili alifungua kwa kusema mbele ya wajumbe wote kwamba kuanzia siku hiyo yeye pia atasubiri nje, kwamba jina lake ataliandika kamili, na kwamba akiingia kwa simu nyingine katibu amwache huko huko mpaka amhakikishe. Akasema katibu akimwingiza bila kumhakiki, huko ndiko kumkosea adabu. Baada ya maneno hayo mlango ulianza kulindwa. Ndiyo maana nikiitwa na ofisi siku hizi, mtu wa kwanza ninayeomba kuzungumza naye ni bosi. Fundi wa kompyuta anafuata.

Akidi ikitimia na orodha ikikamilika, mlinzi anafunga mkutano. Kitufe cha kufunga kipo, na watu wachache sana hukitumia, wakihofia mjumbe ambaye mtandao wake utakatika. Hofu hiyo ni ya haki, huku umeme na bando havina mkataba na mtu. Aliyekatika apige simu kwa katibu, mlango ufunguliwe kwa nusu dakika na kufungwa tena. Hilo ni usumbufu, nakiri. Kama kikao ni cha kupangiana likizo, acheni wazi. Kama mnajadili nani kashindwa kulipa mkopo na dhamana yake ni shamba lipi, fungeni.

Kuhusu usimbaji, yaani kuyageuza mawasiliano yasisomeke na asiye na ufunguo, sitasema mengi. Programu kubwa zote za mikutano husimba mawasiliano njiani, na Zoom ilianza kutoa usimbaji wa mwisho hadi mwisho mwezi Oktoba 2020 kwa wanaouwasha. Ni jambo jema, ila halimsaidii mtu aliyemwingiza mgeni kwa mkono wake mwenyewe. Funzo la yule ofisa wa Singapore lina uzito zaidi kwa ofisi ya kawaida: mahali unapojiungia ni sehemu ya kikao. Wi-Fi ya hoteli, spika iliyowashwa ndani ya daladala, mgahawa wenye meza zilizobanana. Mjumbe aliyeko safarini anaweza kuombwa aingie kwa bando lake na visikizi masikioni, au asubiri muhtasari.

Rekodi nazo zina safari yake. Kikao kinaisha, video inabaki kwenye akaunti, mtu anatuma linki ya video kundini ili waliokosa waione, na pale kundini yumo yule mhasibu. Siku hizi zimeongezeka programu zinazoingia kikaoni kama mshiriki na kuandika muhtasari zenyewe, na mara nyingine aliyezileta hata hajui kwamba zimemfuata. Mlinzi akiona mshiriki ambaye si mtu, amtoe, kisha auliziwe mwenyewe. Sheria inawagusa hapa kuliko wengi wanavyodhani. Kuingia kwenye mfumo bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ya Tanzania na sheria ya Kenya ya 2018 kuhusu uhalifu wa mtandaoni, hivyo mvamizi ana kesi. Lakini ofisi nayo ina wajibu wake wa kulinda taarifa binafsi, chini ya sheria ya 2022 kwa Tanzania na ya 2019 kwa Kenya. Mkopaji ambaye jina lake limesomwa mbele ya mgeni hatamdai Verlaan. Atawadai ninyi.

Lipo bado swali ambalo mwenyekiti yule aliniuliza nami sikuwa na jibu jepesi: kama jina ni maandishi tu, uso je? Mwanzoni mwa 2024 polisi wa Hong Kong walieleza kisa cha mfanyakazi wa fedha aliyeingia kwenye kikao cha video, akawaona na kuwasikia wakubwa wake, akahamisha takriban dola milioni 200 za Hong Kong kwa mihamala 15. Kila aliyekuwa kikaoni isipokuwa yeye alikuwa ametengenezwa kwa kompyuta. Mwezi Mei kampuni ya uhandisi ya Arup ya Uingereza ilithibitisha kwamba ndiyo iliyohusika. Kwa hiyo kamera iliyowashwa inasaidia, lakini pesa isitoke kwa neno lililosemwa kwenye skrini peke yake, hata kama uso ni wa bosi na sauti ni ya bosi.

Tuliishia kwenye kitu cha zamani kabisa. Katibu ana daftari, la karatasi, lenye jina la kila mjumbe na namba ya simu iliyoandikwa siku alipochaguliwa. "Galaxy A12" akijitokeza chumbani mwa kusubiria, haandikiwi ujumbe, wala haulizwi humo humo kikaoni yeye ni nani. Katibu anaangalia nani hajafika, anapiga namba iliyoko daftarini. "Shikamoo mzee, ni wewe uliyeko mlangoni?" Akisikia ndiyo, anafungua. Akiambiwa "hapana mwanangu, mimi bado niko shambani," anambakiza yule nje, anaandika saa na jina la simu pembeni mwa ukurasa, na mwenyekiti anaendelea na ajenda ya tatu.